Joto Lenye Tarehe Zake

Kyoto imekaa bondeni. Milima imeizunguka mashariki, kaskazini na magharibi, na upepo wa bahari ya Osaka huishia njiani. Julai ikifika hewa husimama. Jua la Dodoma linaunguza, lakini ukipata mwembe umepona. Fukuto la Kyoto hukufuata kivulini, likapanda nawe ngazi, likalala nawe kitandani. Saa mbili asubuhi shati limeshaganda mgongoni, na saa sita usiku bado limeganda. Nilipokwenda kusoma huko kwa ufadhili wa serikali ya Japani, wenzangu wa maabara walidhani mtu aliyetoka Afrika atalidharau joto lao. Mimi mtu wa Kigoma. Kwetu Julai ni mwezi wa upepo wa ziwani na shuka zito usiku. Nilitoka jasho kuliko wao wote, nao wakanicheka.

Nilikaa huko majira ya joto kadhaa na mengi yamenichanganyikia. Ya mwaka 1985 peke yake ndiyo ninayoweza kuyasimulia kwa mpangilio, ingawa miaka arobaini imepita, kwa sababu yalikuwa na tarehe zake na kila tarehe ilinikuta mahali. Watu wa Kyoto wa siku zile hawakulikimbia joto. Wengi hawakuwa hata na pa kukimbilia: chumba changu cha mikeka sita kilikuwa na feni moja yenye manung'uniko, na kiyoyozi nilikijulia benki. Walichofanya ni kulipangia joto ratiba. Mama mwenye nyumba wangu, mjane aliyeishi na mjukuu wake katika nyumba ya mbao mtaa wa Kitashirakawa, alikuwa na kalenda ya duka la mchele ukutani jikoni. Kwa penseli alikuwa ameshaandika siku ya kula mkunga, siku ya kwenda kuvuta kengele, siku ya moto mlimani. Starehe ziliandikwa palepale pamoja na bili ya gesi.

Ya kwanza ilikuwa Gion.

Sikukuu ya Gion huchukua Julai nzima, na asili yake ni maradhi. Mwaka 869 ugonjwa wa mlipuko uliua watu, ikasimikwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi, ili kutuliza roho zilizokasirika. Karne kwa karne mikuki ile ikakua, ikawa magari makubwa ya mbao yenye paa, na juu ya paa mlingoti unaofika mita ishirini na zaidi. Yale makubwa huwa na uzito wa tani kumi na kitu. Hayana msumari. Mafundi huyaunganisha kila mwaka kwa kamba za majani makavu ya mpunga, fundo juu ya fundo, na nilipita jioni mbili tatu kuwatazama wakifunga. Hawakuwa na haraka wala ramani; mzee mmoja alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akinyoosha kidole, na vijana wakafungua na kufunga upya bila kubisha.

Usiku wa tarehe 16 magari ya kawaida hufungiwa njia katikati ya mji, na watu humiminika wamevaa yukata, ile kanzu nyepesi ya pamba inayofungwa mkanda. Mama mwenye nyumba alinipa ya marehemu mumewe. Iliniishia katikati ya muundi. Alinizunguka, akanitazama, akasema marehemu alikuwa mtu wa heshima lakini Mungu hakumpa miguu, kisha akanisukuma mlangoni. Kila gari lilikuwa limesimama mtaani kwake likiwa limevishwa taa za karatasi kutoka juu hadi chini, na ndani yake wapiga filimbi, ngoma na kengele za shaba wakirudia mlio mmoja wa kuvutavuta ambao hadi leo nikiumwa homa nausikia. Watoto wameketi kibarazani wakiimba kuuza hirizi za majani zilizofungwa kama chakula. Haziliwi, hutundikwa juu ya mlango kufukuza maradhi mwaka mzima. Nikanunua moja. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alimaliza hela zake zote kwenye beseni la samaki wadogo wekundu, ambako unapewa kijiti chenye karatasi nyororo uvulie kabla karatasi haijalowa na kupasuka. Ilipasuka mara zote. Mwenye beseni akamfungia wawili kwenye mfuko wa nailoni, na nadhani biashara nzima imejengwa juu ya huruma hiyo.

Niliyekwenda naye kesho yake alikuwa Mjapani mwenye Kiswahili cha Kigoma. Hilo halikuwa ajabu Kyoto. Chuo Kikuu cha Kyoto, tangu siku za Junichiro Itani, kilikuwa kinatuma watu Tanzania kuchunguza sokwe, na Toshisada Nishida alianza kazi Mahale mwaka 1965. Mwaka huohuo ninaousimulia, Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa. Rafiki yangu alikuwa kijana wao mmoja, aliyeishi na Watongwe wa huko, aliyerudi nyumbani kuandika na kunung'unikia kiti cha ofisi. Alijua kula ugali na kusonga pia. Tukasimama kwenye kona ya Shijo na Kawaramachi tangu asubuhi mapema, kwa sababu, aliniambia, mtu anayetazama maandamano ya Gion kwenye njia iliyonyooka hajayaona.

Sababu ni kwamba magari yale hayana usukani. Magurudumu yake, yenye kimo cha mtu, yamekazwa kwenye ekseli na huenda mbele tu. Kufika kwenye kona ndipo kazi ilipo. Gari likasimama. Wanaume wakaja mbio na mianzi mibichi iliyopasuliwa, wakaipanga chini ya magurudumu ya mbele, upande wa kijani juu, wakaimwagia maji kwa ndoo. Kamba zikahamishwa kutoka mbele hadi ubavuni. Wanaume wenye vipepeo vya karatasi walisimama kwenye ukingo wa mbele, wakavinyanyua, wakapiga ukelele mmoja mrefu, na mamia ya mikono ikavuta. Kitu chenye uzito wa tembo wawili kikateleza kwa kishindo juu ya mwanzi uliolowa. Mlingoti ukayumba juu ya nyaya za umeme. Juu ya paa vijana wanne wakashikilia kamba zao kwa mkono mmoja, na dirishani wapiga filimbi hawakukosa hata pumzi moja. Mara ya kwanza liligeuka kidogo tu. Wakapanga mianzi upya, maji tena, ukelele tena. Mara ya tatu likatazama kaskazini, na mtaa mzima ukapiga makofi kwa nguvu zilizokuwa zimebaki.

Pazia lililoning'inia ubavuni mwa gari mojawapo lilikuwa la Ubelgiji, la karne ya 16, lenye kisa cha vita vya Troya. Mengine ni ya Uajemi na India. Wafanyabiashara wa mitaa ile walikuwa wakishindana kwa vitambaa vilivyovuka bahari, na wakavitundika nje kwenye jua na vumbi. Gari la kwanza hubeba mtoto wa kiume mwenye taji ambaye hukata kamba takatifu kwa upanga kufungua njia. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda gari lile, na bado hawapandi. Mama mwenye nyumba, aliyeshona kanzu za wapigaji wa mtaa wake wa kuzaliwa kwa miaka mingi, alilitaja jambo hilo mara moja tu, huku akikata tikiti maji, na alilikata kwa nguvu.

Siku zile maandamano yote yalifanyika tarehe 17. Zamani yalikuwa mawili, yakaunganishwa mwaka 1966, na mwaka 2014 yakatenganishwa tena. Mwaka 2020 na 2021 magari hayakupita kabisa kwa sababu ya korona. Sikukuu iliyoanzishwa kwa ajili ya ugonjwa ikazuiwa na ugonjwa. Nilimwandikia rafiki yangu kumchokoza kuhusu hilo, akajibu kwamba hirizi yangu ilikuwa ya mwaka mmoja tu na muda wake ulipita kitambo.

Shule zikafungwa. Kuanzia hapo saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi redio ya taifa ilipiga kinanda, na watoto wa mtaa wote wakakusanyika kwenye kiwanja cha hekalu kunyoosha viungo. Mazoezi hayo ya redio yalianza mwaka 1928. Kila mtoto huvaa kadi shingoni, na akimaliza hupigiwa muhuri. Kadi ikijaa kuna zawadi ya penseli au daftari. Wazee huja pia, bila kadi. Nilikwenda siku moja kwa udadisi, nikapewa kadi, na tangu hapo sikuweza kukosa. Watoto waliniita Ikangaa. Juma Ikangaa alikuwa ameshinda mbio za Tokyo Februari 1984, na kabla ya hapo, Desemba 1983 kule Fukuoka, alikimbizana na Toshihiko Seko hadi ndani ya uwanja, Seko akampita mita za mwisho. Nchi nzima iliona kwenye televisheni. Basi kila Mtanzania alikuwa Ikangaa, hata mimi ambaye ngazi ya ghorofa moja ilinitosha. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alinitangaza kuwa binamu yake. Sikukanusha.

Mkunga alikuwa na siku yake mwishoni mwa Julai. Yule wa mtoni huliwa nchi nzima siku hiyo, amepasuliwa, amepakwa mchuzi mtamu na kuchomwa kwenye mkaa, kwa imani kwamba mafuta yake humpa nguvu aliyechoshwa na joto. Kyoto wao wana wa baharini, hamo, na kisa chake kinanipendeza zaidi. Kyoto iko mbali na bahari. Kabla ya barafu na malori samaki wengi walifika wamekufa na kuharibika. Hamo ni mkaidi, alivumilia safari akiwa hai. Ubaya wake ni miiba midogo isiyong'oleka. Nilisimama mbele ya muuza samaki kwenye soko la Demachi nikamtazama akimlaza chali, ngozi chini, kisha akashuka na kisu kizito kama anapiga taipu: mikato ishirini na nne hivi ndani ya sentimita tatu, kila mmoja ukipasua nyama na mwiba na kusimama juu ya ngozi bila kuikata. Jarijarijari. Hakutazama kisu, alikuwa akiongea na mteja kuhusu besiboli. Kipande kikatoswa kwenye maji moto, kikafumuka kikawa cheupe, kikapozwa kwenye barafu. Kinaliwa na rojo chachu la tunda la ume. Sisi wa Kigoma tunajua samaki, na nilikula kimya.

Mengine hayakuwa na tarehe, yalikuwa na saa. Saa kumi na moja jioni wanawake wa mtaa wetu walitoka na ndoo na kata, wakamwagia maji mbele ya milango; lami ikatoa mvuke, na kweli upepo kidogo ulipita. Hilo nililielewa, ni fizikia. Sikuelewa haraka kengele ndogo ya kioo iliyotundikwa upenuni, yenye kipande cha karatasi kikining'inia chini yake. Karatasi ikiguswa na upepo kengele inalia, na mama mwenye nyumba huvuta pumzi na kusema kumepoa. Hakujapoa. Kipimajoto kipo palepale ukutani. Lakini baada ya wiki chache na mimi nilianza kutulia nikiisikia, kwa kuwa ililia tu kama kuna upepo, na mwili ulikuwa umeshafahamu. Hadithi za mizimu nazo huwekwa majira hayo, kwenye redio na majukwaani, ili msikilizaji apate baridi ya mgongo bila gharama. Rafiki yangu aliombwa na jamaa zake awape mizimu ya Tanganyika. Aliwapa, akawaona wanapepea vipepeo vyao kama kawaida, akasema mizimu yetu ni ya kufanya kazi, haitishi.

Dukani palipotundikwa bendera nyeupe yenye herufi moja nyekundu kulikuwa na barafu ya kukwanguliwa. Mzee alizungusha mkono wa mashine ya chuma, donge la barafu likazunguka juu ya wembe, likashuka chembechembe kama theluji ndani ya bakuli. Juu yake sharubati ya chai ya kijani na maharage mekundu matamu. Usile haraka, kichwa kitakupasuka. Jioni, bafu la umma, maji moto hadi shingoni katikati ya joto lile, kisha maziwa baridi ya chupa ukiwa umesimama mbele ya feni kubwa. Anayebisha hajajaribu.

Na kwenye kibaraza cha nyuma, ndani ya nguruwe wa udongo aliyeachama mdomo, dawa ya mbu ya mviringo. Nyumbani tulikuwa nazo na sikuwahi kujiuliza zimetoka wapi. Zimetoka huko. Eiichiro Ueyama wa Wakayama alianza mwaka 1890 kwa kuchanganya unga wa pareto kwenye kijiti cha ubani. Vijiti viliungua upesi mno, na ni mkewe aliyetoa wazo la kuvizungusha ili viwake usiku kucha. Za mviringo ziliingia sokoni mwaka 1902. Kabla ya Vita vya Pili Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto, na vita vilipofunga njia zake, mashamba ya nyanda za juu za Kenya yakachukua nafasi hiyo. Mufindi nasi tukalima. Nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba maua yake yalihamia kwetu. Akaniuliza kama mbu nao walihama.

Agosti ni ya wafu. Kuanzia tarehe 7 hadi 10 watu wa Kyoto huenda hekalu la Rokudo Chinnoji kuwaita mababu warudi nyumbani kwa siku chache. Nilimsindikiza mama mwenye nyumba. Foleni ilizunguka mtaa. Kengele yenyewe huioni, imefungiwa ndani ya kibanda. Ukutani kuna tundu na kamba inatoka. Ukiivuta, mlio unatoka chini, kama uko ardhini. Aliivuta kwa mikono miwili, akasimama kidogo, akampisha wa nyuma. Kisha akanunua tawi la mti wa koyamaki, kwa kuwa roho husafiri kwenye majani yake, na tukapanda basi nalo. Alililaza mapajani. Nyumbani aliweka mezani tambi nyembamba baridi, biringanya na sigara ya chapa aliyovuta marehemu.

Jumatatu tarehe 12 jioni tulikuwa tunakula. Televisheni ikakatiza kipindi. Ndege iliyoondoka Tokyo kwenda Osaka saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili ilikuwa imepotea kwenye rada. Ilikuwa imejaa, maana ilikuwa wiki ya kurudi makwao kwa ajili ya wafu. Usiku ule wote watangazaji walisoma majina ya abiria, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, pamoja na umri. Familia nzimanzima zilifuatana. Asubuhi helikopta zikaonyesha mlima wa Gunma uliochubuka, na waokoaji wakipandisha wachache waliokutwa hai. Watu 520 walikufa, wanne walipona. Kyu Sakamoto, mwimbaji ambaye wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963, alikuwemo. Rais wa timu ya besiboli ya Hanshin naye alikuwemo. Mama mwenye nyumba hakuzima televisheni kwa siku mbili, na hakuitazama. Aliendelea kubadilisha chai ya mezani kwa marehemu. Mara moja aliniambia, bila kugeuka, kwamba hawa hawajapata mtu wa kuwavutia kengele, wametangulia kufika.

Nilidhani sikukuu zitafutwa. Hazikufutwa. Wiki hiyo mashindano ya besiboli ya shule za sekondari yaliendelea Koshien, uwanja uliojengwa mwaka 1924, na rafiki yangu akaniburuta. Viti vya nyuma ya uwanja vilikuwa bure siku zile. Ukiwa juani pale unauziwa mfuko wa nailoni wenye mabonge ya barafu na mrija. Unauweka kisogoni, kisha ukiyeyuka unakunywa kisogo chako. Vijana wa miaka kumi na saba walilia kwa kushindwa, wakapiga magoti, wakajaza mchanga wa uwanja kwenye mifuko ya viatu kwenda nao nyumbani. Kila mwaka tarehe 15, saa sita mchana, mchezo husimama na king'ora hulia kwa ajili ya waliokufa vitani. Mwaka ule ilitimia miaka arobaini tangu vita kwisha. Fainali ilichezwa tarehe 21, shule ya PL Gakuen ya Osaka ikaifunga Ube Shogyo 4 kwa 3, na kijana Kiyohara akapiga mpira nje ya uwanja mara mbili. Mtaa mzima ulipiga kelele madirishani. Hanshin wenyewe walichukua ubingwa msimu wa majani kupukutika, na hiyo ni habari nyingine yenye watu kujirusha mtoni Osaka.

Tarehe 16 saa mbili usiku mababu hurudishwa. Kwenye milima mitano inayozunguka mji huwashwa mioto mikubwa: herufi mbili za «kubwa», moja mashariki na moja magharibi, jozi ya maneno ya Kibudha, jahazi, na lango la Kishinto. Ile ya mashariki, juu ya mtaa wetu, ina mstari wa mlalo wa mita 80 na mkono mmoja wa mita 160, na hutengenezwa kwa vituo 75 vya kuni za msonobari. Mchana, karibu na hekalu la Ginkakuji, watu huandika majina kwenye vijiti vitakavyochomwa. Mama mwenye nyumba aliandika la mumewe. Akachukua cha pili, akafikiri, akaandika «waliokuwa ndegeni». Mwandishi aliyekaa nyuma ya meza akakipokea bila kusema kitu. Rundo lake lilikuwa na vingine vya namna hiyo. Akanipa cha tatu, nikaandika la baba.

Usiku tulikuwa ukingoni mwa mto Kamo na nusu ya mji. Mabango ya taa yakazimwa. Cheche moja ikaonekana katikati ya giza la mlima, kisha mistari ikakimbia pande zote, na herufi ikasimama nzima. Watu hawakupiga makofi kama kwenye fataki. Wengine walikunja mikono, wengine walikunywa. Kuna mila ya kushika kikombe cha sake ili herufi iakisi ndani yake, ukainywa pamoja na moto, usiugue mwaka mzima. Mzee wa pembeni yangu, nisiyemjua, alinipa kikombe chake akanisogeza bega mpaka moto ukaingia. Baada ya nusu saa ulikuwa umekwisha na watu wakaanza kutafuta baiskeli zao.

Iliyobaki ilikuwa ya watoto. Tarehe 23 na 24 kila mtaa huosha sanamu ndogo za mawe za Jizo, mlinzi wa watoto, na Kyoto huzipaka uso poda nyeupe na midomo rangi. Wakatandika mikeka njiani, wakatundika taa zenye jina la kila mtoto, wakaketi duara na kuzungusha mkononi tasbihi moja ndefu ya kuwatosha wote huku mtawa akisoma. Kila punje kubwa ikikupitia unainamisha kichwa. Nikaitwa niketi kati ya mjukuu na msichana wa duka la tofu. Kulikuwa na bahati nasibu, nikapata sufuria.

Joto bado lilikuwa lilelile. Nasisitiza hilo. Tarehe 25 Agosti kipimajoto kilikuwa juu ya nyuzi thelathini, nyenje wanapiga kelele mitini, na mimi sijaogelea tangu mwanzo wa mwezi. Nikamwambia rafiki yangu twende ziwa Biwa. Akasita. Tukapanda treni ya Kosei, ya reli ya serikali wakati ule, hadi Omi-Maiko, ambako wiki tatu kabla hukuona mchanga kwa watu. Sasa pwani nzima ilikuwa yetu. Vibanda vya soda vimefungwa mbao, boti zimepinduliwa, mzee mmoja anakunja mikeka ya kukodisha. Maji maangavu, ya uvuguvugu, hayana wimbi. Nikauliza kulikoni.

«Baada ya wafu kurudi hatuogelei,» rafiki yangu akasema. «Wakati huo baharini huja kiwavi-maji.»

«Hili ni ziwa. Kiwavi-maji atatoka wapi?»

«Najua.»

«Sasa?»

«Roho zilizochelewa hushika miguu.»

Nikaingia. Niliogelea mpaka vidole vikakunjamana, nikamwita mara kadhaa. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini, ameketi penye mchanga mkavu, anakula hindi la kuchoma alilomshawishi yule mzee amchomee la mwisho. Nikatoka nikamsimamia, maji yakimdondokea kwa makusudi.

«Kaka, wewe uliogelea Mahale na mamba wapo. Nilikuona kwa macho yangu kwenye picha.»

«Mahale niliogelea,» akasema, akinipa nusu ya hindi. «Mababu wa kule ni wenu.»